Mabaki ya karatasi: namna ya kutengeneza mapambo ya sherehe nyumbani

Daftari lililojaa, gazeti la wiki iliyopita, bahasha ya kaki na kalenda ya mwaka uliokwisha kwa kawaida huishia jikoni kuwashia moto, kibandani kufungia karanga, au jalalani. Karatasi hizohizo, zikichaguliwa vyema na kukatwa kwa vipimo, hutosha kuipamba sebule au ua kwa ajili ya ubatizo, mahafali, Idi, Krismasi au siku ya kuzaliwa ya mtoto, bila ya familia kununua zaidi ya uzi na unga kidogo wa kupikia gundi.

Ufundi huu si mgeni duniani, na wala si wa kubahatisha. Ipo karatasi ikubaliyo kukunjwa na ipo ipasukayo kwenye mkunjo. Ipo inayofaa kutundikwa mbele ya wageni, na ipo ambayo haikupaswa kuonwa na mtu wa nje. Tena pako mahali ambapo pambo la karatasi halitakiwi kuwekwa kabisa kwa sababu ya moto. Makala haya yanaeleza mambo hayo kwa mpangilio, pamoja na vipimo vya mapambo manne ambayo hayahitaji ujuzi wa awali.

Plastiki yapungua, karatasi yarejea

Kwa miaka mingi mapambo ya bei nafuu madukani yamekuwa ya plastiki: tepe zinazometameta, mapazia ya nailoni, maua ya plastiki na maputo. Mengi hutumika kwa saa chache, kisha hubaki ardhini na mitaroni kwa miaka.

Nchi za ukanda huu zimechukua hatua dhidi ya sehemu ya taka hizo. Rwanda ilitangulia kwa sheria ya mwaka 2008 iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki, kisha mwaka 2019 ikapitisha sheria nyingine iliyopanua katazo hadi kwenye bidhaa za plastiki zinazotumika mara moja. Kenya ilianza kutekeleza katazo la mifuko ya plastiki ya kubebea tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019.

Sheria hizo hazikuandikwa kwa ajili ya mapambo, na upeo wake hutofautiana baina ya nchi na nchi. Hata hivyo zimeirejesha karatasi sokoni na majumbani. Mfuko wa kaki ambao mteja hupewa dukani au kwenye duka la mikate sasa umo katika nyumba nyingi za mijini, na karatasi yake ni malighafi nzuri ya mapambo. Tofauti kubwa kati yake na plastiki huonekana baada ya sherehe: karatasi isiyopakwa plastiki wala nta huoza katika shimo la mboji kwa wiki au miezi michache.

Karatasi yenyewe ilitokana na mabaki

Mwenye kuona haya kumpambia mgeni kwa kitu kilichokwisha kutumika apate kujua kwamba karatasi yenyewe ilitokana na vitu vya namna hiyo. Kumbukumbu za kihistoria za China zinaeleza kwamba mwaka 105 Cai Lun, ofisa wa kasri la wafalme wa Han, aliwasilisha mbele ya mfalme namna ya kutengeneza karatasi kwa magome ya miti, katani, matambara na nyavu kuukuu za wavuvi. Ukataji wa karatasi kwa ajili ya mapambo ulikulia nchini humo, na mwaka 2009 shirika la UNESCO liliuingiza katika orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Katika mji wa Sendai nchini Japani, sikukuu ya Tanabata huadhimishwa kila mwaka tarehe 6 hadi 8 Agosti kwa mapambo ya karatasi yanayoning'inizwa kwenye mianzi mirefu. Kwa desturi mapambo hayo ni ya aina saba, na moja kati yake ni kikapu cha taka kilichokatwa kwa karatasi. Ndani yake hutiwa vipande vilivyosalia baada ya kutengeneza yale mengine, na maana yake ni kukumbusha usafi na matumizi yasiyo ya ufujaji.

Huko Mexico, mafundi wa mji wa San Salvador Huixcolotla katika jimbo la Puebla hurundika makumi ya karatasi nyembamba na kuzitoboa kwa pamoja kwa patasi na nyundo, wakapata bendera zenye matundu ya maua, ndege na mafuvu. Jimbo hilo liliutambua ufundi huo kuwa urithi wake wa kitamaduni mwaka 1998. Nchini Denmark, mioyo ya karatasi iliyofumwa kwa vipande viwili vya rangi tofauti hutundikwa kwenye mti wa Krismasi. Moyo wa zamani zaidi unaojulikana ulitengenezwa na mwandishi wa hadithi Hans Christian Andersen mwaka 1860.

Mfano wenye uhusiano na Afrika Mashariki unatoka Ujerumani. Nyota ya karatasi yenye ncha nyingi, ijulikanayo kwa jina la mji wa Herrnhut, ilianza katika karne ya 19 kuwa zoezi la hisabati ya maumbo katika shule ya bweni ya Wamoraviani. Wanafunzi walikunja na kugundisha piramidi za karatasi ili waelewe umbo lake, na kazi yao baadaye ikawa pambo la majira ya Krismasi. Hao ndio Wamoraviani ambao wamisionari wao walifika Rungwe, kusini mwa Tanzania ya leo, mwaka 1891.

Karatasi ifaayo na isiyofaa

Uzito wa karatasi hupimwa kwa gramu kwa kila mita mraba. Karatasi ya kawaida ya ofisini ni ya gramu 80. Kwa kuwa karatasi 16 za ukubwa wa A4 hufanya mita mraba moja, karatasi moja ya A4 ina uzito wa gramu 5, na karatasi 100 zilizochapwa upande mmoja ni nusu kilo tu. Hesabu hii humsaidia mtundikaji: pambo lililotumia karatasi 20 lina uzito wa gramu 100, na uzi imara wa kushonea hulibeba bila kukatika.

Karatasi ya gazeti ni nyepesi zaidi, takriban gramu 45. Hukunjika kwa urahisi na hufaa sana kwa maua. Kasoro yake ni wino, ambao huchafua vidole, kitambaa cheupe na ukuta uliopakwa chokaa. Kwa hiyo maua ya gazeti yasigusane na kitambaa cha meza wala na gauni la bibi harusi.

Karatasi ya kaki ndiyo imara kuliko zote zipatikanazo nyumbani. Haichaniki upesi, hushika gundi vizuri, na rangi yake ya hudhurungi hupendeza ikiwekwa pamoja na nyeupe na nyeusi. Hufaa kwa vibendera na kwa vipande vya kuimarishia sehemu za kutundikia.

Kurasa zinazong'aa za kalenda na majarida zina rangi nzuri, lakini hupasuka kwenye mkunjo na kuonyesha mstari mweupe, na gundi ya unga haizishiki vyema. Zafaa kukatwa maumbo bapa. Boksi la bidhaa lisitumike kuwa pambo lenyewe, bali lichorwe na kukatwa kuwa kiolezo ambacho vipande vyote vitafuatishwa kwacho.

Risiti za mashine hazifai. Huchapwa kwa joto juu ya karatasi iliyopakwa kemikali, hugeuka nyeusi zikikaribia joto, na maandishi yake hufifia. Mfuko wa saruji nao, ingawa karatasi yake ni ngumu, hubaki na vumbi ambalo huunguza ngozi na macho likikutana na maji, kwa hiyo usiwekwe mikononi mwa watoto. Karatasi iliyopakwa plastiki au nta, kama ile ya vikombe na pakiti za maziwa, haigundishiki na haiozi upesi.

Jambo moja zaidi ni mwelekeo wa nyuzi. Karatasi ya kiwandani huwa na nyuzi zilizolala upande mmoja. Ili kuujua mwelekeo huo, kipande cha majaribio huchanwa kwa mkono mara mbili, mara ya kwanza kwa urefu na mara ya pili kwa upana. Upande unaochanika kwa mstari ulionyooka ndio mwelekeo wa nyuzi, na ule mwingine huchanika kwa kupindapinda. Mkunjo unaofuata nyuzi hukaa sawasawa, na unaozikata hupasuka, hasa kwenye karatasi nzito.

Maneno na picha zilizomo

Mabaki ya karatasi hayaji matupu. Yamebeba maneno, majina na picha, na hapo ndipo pambo la heshima hutengana na pambo la fedheha. Kazi ya kwanza, kabla mkasi haujashikwa, ni kuzisoma karatasi na kuzitenga.

Kurasa za magazeti zenye matangazo ya tanzia ziondolewe zote. Sura ya marehemu ikining'inia juu ya meza ya keki, mbele ya wageni ambao huenda ni jamaa zake, ni kosa ambalo radhi peke yake hailifuti. Picha za ajali, vita na misiba mingine ziondolewe vilevile. Kurasa za michezo, bei za mazao, katuni na matangazo ya biashara ndizo salama zaidi.

Karatasi zenye aya za Qur'ani au Biblia, dua na nyimbo za ibada hazigeuzwi mapambo. Kwa Waislamu, karatasi iliyoandikwa aya au jina la Mwenyezi Mungu haitupwi ovyo wala haiwekwi mahali pa kukanyagwa, na pambo la karatasi, hata likitundikwa juu namna gani, mwishowe huanguka sakafuni. Magazeti ya mwezi wa Ramadhani na ya majira ya Pasaka na Krismasi mara nyingi huwa na kurasa za namna hiyo, hivyo yakaguliwe kwa makini.

Kundi la tatu ni hati za watu. Kadi za kliniki, matokeo ya mitihani, hati za mshahara, barua za mikopo na taarifa za benki huonyesha mambo ambayo jirani hana haki ya kuyasoma. Kugeuza upande ulioandikwa ukaelekea ukutani hakutoshi, kwa maana upepo huligeuza pambo. Hati za aina hiyo zichanwe vipande vidogo. Karatasi za ofisini nazo zisichukuliwe bila ruhusa ya mwenye ofisi, hata kama zimekwisha kutupwa kwenye kapu.

Daftari la mwanafunzi ndilo chanzo kikubwa cha karatasi nyumbani, na wakati wake hujulikana: nchini Rwanda mwaka wa masomo huisha mwezi Julai, na nchini Kenya na Tanzania huisha katika miezi ya mwisho ya mwaka. Mzazi ahakikishe kwanza kwamba daftari halitahitajika kwa marudio ya mtihani. Kisha mtoto mwenyewe aulizwe. Wapo wanaoona fahari alama zao za vema zikionekana ukumbini, na wapo watakaoumia wenzao wakizisoma alama za kosa.

Vifaa na gundi ya unga

Vifaa vinavyohitajika ni mkasi, rula, penseli, uzi imara na gundi. Stepla huharakisha kazi, lakini pini zake zikidondoka huingia katika chakula na katika miguu ya watoto, kwa hiyo gundi ni bora.

Gundi ya kutosha chumba kimoja hupatikana kwa vijiko vinne vya chakula vya unga wa ngano au wa muhogo na kikombe kimoja cha maji. Unga hukorogwa kwanza kwa maji baridi machache mpaka mabonge yaishe. Maji yaliyosalia huongezwa, kisha mchanganyiko huwekwa kwenye moto mdogo na kukorogwa bila kusimama. Wanga huanza kushikamana joto linapopita nyuzijoto 60, na mchanganyiko hugeuka uji mzito. Huepuliwa hapo, ukaachwa upoe kabisa. Chembe ya chumvi huchelewesha ukungu, lakini gundi hii ni ya kutumiwa ndani ya siku moja au mbili.

Kosa la kawaida ni kupaka gundi nyingi. Maji yake huivimbisha karatasi ikajikunjakunja, na mabaki yake huwavuta mende na panya. Tabaka jembamba lililopakwa kwa brashi au ncha ya kidole, likakandamizwa kidogo, hutosha.

Mnyororo wa pete

Pambo hili ndilo rahisi zaidi, na hata mtoto wa shule ya awali huliweza. Karatasi hukatwa vipande vyenye upana wa sentimita 3 na urefu wa sentimita 21. Karatasi moja ya A4 ikikatwa kwa upana wake hutoa vipande tisa. Kipande cha kwanza hupindwa kuwa pete, ncha zake zikapandana kwa sentimita 2 na kugundishwa. Kipande cha pili hupitishwa ndani ya pete ya kwanza kabla ya kugundishwa, na kazi huendelea hivyo.

Kila pete huwa na kipenyo cha takriban sentimita 6, kwa hiyo mita moja ya mnyororo huhitaji pete 17, yaani karatasi mbili za A4. Daftari la ukubwa wa A5 lenye kurasa 96 lina karatasi 48. Kila moja ikitoa vipande vinne, hupatikana pete 192, ambazo ni zaidi ya mita 11 za mnyororo. Chumba cha mita 4 kwa 4 kikipambwa kutoka pembe hadi pembe kwa minyororo miwili inayoning'inia kidogo katikati huhitaji kama mita 12. Kwa maneno mengine, daftari moja na karatasi chache za ziada hutosha sebule nzima.

Vibendera vya pembetatu

Karatasi ya A4 hulazwa kwa upana na kuchorwa pembetatu tatu zinazopishana, moja ikiwa imegeuzwa kichwa chini katikati ya nyingine mbili. Kila pembetatu huwa na kitako cha sentimita 14 na kimo cha sentimita 21. Kiolezo cha boksi hurahisisha kazi hii na kuvifanya vibendera vyote vilingane.

Uzi hupitishwa nyuma ya kila kibendera, sentimita 1 kutoka ukingo wa juu, ukafunikwa kwa kipande cha kaki kilichopakwa gundi. Kati ya kibendera na kibendera huachwa sentimita 4. Kwa mpangilio huo, uzi wa mita 5 hubeba vibendera 28, ambavyo hupatikana katika karatasi kumi na kubakiza viwili. Nusu mita ya uzi iachwe kila upande kwa ajili ya kufungia. Vibendera vinaweza kuandikwa herufi moja moja ili visomeke jina la mtoto au neno «Karibuni». Bendera ya taifa isitumiwe kwa mtindo huu, kwa kuwa matumizi yake yana sheria katika kila nchi.

Duara la mikunjo na ua la gazeti

Duara la mikunjo hufaa nyuma ya meza kuu. Karatasi tatu za A4 hukunjwa kama feni ya mkono, mkunjo mmoja mbele na mmoja nyuma, kila mmoja ukiwa na upana wa sentimita 2 na urefu wa sentimita 21. Kila karatasi hufungwa uzi katikati, kisha pande zake mbili hufunguliwa. Kingo za karatasi zote tatu hugundishwa pamoja mpaka duara likamilike, likiwa na kipenyo cha takriban sentimita 21. Kitovu chake hufunikwa kwa mviringo mdogo wa karatasi ya kalenda.

Ua la gazeti huanza vivyo hivyo, ila kwa karatasi nyingi kwa pamoja. Vipande vinane vya sentimita 30 kwa 40 hupangwa kimoja juu ya kingine na kukunjwa kwa pamoja, kila mkunjo ukiwa na upana wa sentimita 3 na urefu wa sentimita 30. Fungu hilo hufungwa kwa nguvu katikati, ncha zake hukatwa kwa mviringo au kwa ncha kali, kisha kila tabaka hunyanyuliwa taratibu kuelekea katikati. Anayeharakisha hatua hii huchana petali. Nusu ya tabaka huelekezwa juu na nusu chini ikiwa ua litaning'inizwa, au zote juu ikiwa litabandikwa ukutani.

Rangi zilizopo nyumbani

Si lazima kununua rangi. Mkaa uliosagwa laini na kuchanganywa na gundi ya unga hutoa rangi nyeusi, udongo mwekundu uliochekechwa hutoa nyekundu ya kahawia, na bizari ya manjano hutoa njano, ingawa hiyo hufifia upesi ikipigwa na jua. Karatasi hupakwa kabla ya kukatwa, kisha ikikaribia kukauka huwekwa chini ya vitabu vizito ili isijikunje.

Kielelezo kizuri cha kutumia rangi chache kipo mashariki mwa Rwanda, katika sanaa ya imigongo inayohusishwa hasa na Nyakarambi wilayani Kirehe. Samadi ya ng'ombe huchanganywa na majivu, hufinyangwa kuwa matuta membamba juu ya ubao, kisha hupakwa rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu kwa mistari ya pembe na mizunguko. Mistari hiyo ya pembe hukatika kwa urahisi kwenye karatasi, na nyeupe ya daftari, hudhurungi ya kaki na nyeusi ya mkaa hukaribiana na rangi zake. Karatasi pia hukubaliana na mapambo ya asili yaliyozoeleka: migomba inayosimikwa langoni katika sehemu za Uganda, Rwanda na Kagera, au makuti mabichi yanayosukwa pwani.

Kutundika, unyevu na moto

Uzi ufungwe kwanza kwenye misumari au nguzo imara, kisha mapambo yafuate. Yasipite karibu na feni ya darini wala kuuzuia mlango. Karatasi hunyonya unyevu wa hewa na kulegea, jambo linaloonekana zaidi pwani na wakati wa masika. Kwa sherehe ya nje au ya chini ya turubai, mapambo yatundikwe siku yenyewe, si usiku wa kuamkia.

Hatari kubwa ni moto. Karatasi hushika moto kwenye joto la nyuzijoto 230 hivi, ilhali mwali wa mshumaa huzidi nyuzijoto 1,000. Mnyororo mwepesi uliotandazwa chumba kizima huupitisha moto kutoka pembe hadi pembe kabla watu hawajaelewa kinachotokea. Kwa hiyo pambo lolote likae angalau mita moja kutoka jiko, mshumaa, ubani au kibatari. Balbu isivishwe karatasi, na taa ya karatasi isiwekwe mshumaa ndani. Anayetaka mwanga ndani ya pambo atumie taa ndogo za LED za betri.

Umeme unaokatika katikati ya sherehe ndio huleta ajali, kwa sababu mshumaa huwashwa kwa haraka na kuwekwa popote. Wenye nyumba watayarishe tochi au taa za kuchaji mapema, waamue mahali ambapo mshumaa wa keki utawashwa, na waondoe mapambo yote yaliyo juu ya mahali hapo. Ndoo ya maji au ya mchanga iwekwe karibu, na mtu mzima mmoja ajue kuwa ndiyo dhamana yake.

Baada ya sherehe

Mapambo yaliyosalia mazima hushushwa kwa utaratibu ule ule yaliotundikwa. Maduara hukunjwa tena yakawa bapa, vibendera hupangwa kimoja juu ya kingine na uzi kuzungushwa kwenye kipande cha boksi, na vyote huhifadhiwa mahali pakavu mbali na jikoni. Yaliyoguswa na keki au soda yasihifadhiwe, kwa maana sukari huwavuta sisimizi na mende.

Yaliyochakaa hutengwa makundi mawili. Karatasi kavu na safi hupelekwa kwa wanunuzi wa karatasi chakavu pale wanapopatikana. Nyuzi za karatasi huweza kurejelewa kiwandani mara tano hadi saba kabla ya kuwa fupi mno. Karatasi iliyolowa au yenye gundi nyingi huchanwa na kutiwa katika shimo la mboji pamoja na majani na maganda, baada ya kuondolewa uzi, pini na kurasa zinazong'aa. Vipande vidogo vilivyobaki mezani wakati wa kukata vyaweza kuwekwa katika mfuko wa kaki, vikatumika kujazia zawadi isivunjike au kuwafundishia watoto kukata kabla hawajapewa karatasi kubwa.